Geuza zulia, usome mgongo wake

Ikifika mwezi wa sita, sakafu ya vigae Arusha inauma nyayo. Meru unashinda umejifunika ukungu, watu hawavui makoti mpaka saa tano, na maduka ya mazulia ya karibu na Soko Kuu yanachangamka. Nilipita kwa mama mmoja mwenye duka huko, ninayemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda, na kabla sijakaa sawasawa akanipa swali: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo ya takwimu. Watu wanasema mazulia yanaingia nchini kwa wingi, kila mwaka hela inazidi. Sasa yanakwenda kwa nani? Mimi mbona nauza machache kuliko mwaka juzi?"

Sikuwa na jibu pale pale. Nilikunywa chai yake nikaondoka na swali, na nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Anayefungua duka, anayekopa benki kuagiza kontena, hata diwani anayetaka kujua kama vijana wake wafundishwe ufumaji, wote hutazama grafu ile ile ya uagizaji na kuamini kuwa mstari ukipanda basi mazulia yameongezeka. Si lazima. Mstari unaweza kupanda huku idadi ya mazulia imesimama pale pale. Unaweza kupanda hata idadi ikishuka.

Tuanze na kinachohesabiwa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea mapema.

Sisi tuna majina mengi. Zulia na busati ni maneno ya zamani yaliyokuja na Kiarabu. Kapeti limetoka kwa Waingereza na sasa limebeba kila kitu, mpaka lile plastiki la kukatwa kwa mita linalotandikwa jikoni. Kuna jamvi, kuna mkeka, kuna mswala. Forodha haiendi na majina haya. Inakwenda na namba za mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, ambao umetumika tangu 1988 na hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Katika mfumo huo mazulia yako sura ya 57, yenye vichwa vitano, 5701 mpaka 5705.

Niliporudi dukani wiki iliyofuata nikamsomea mama yule vichwa hivyo, akacheka. Alikuwa anavijua vyote bila kuwahi kuziona namba zake. Alivuta zulia kutoka kwenye rundo, akalipindua. "Usiangalie uso," akaniambia, "uso kila moja linapendeza. Angalia mgongo." Mgongo wa lile la kwanza ulionesha maua yale yale ya mbele, yamefifia kidogo, uzi juu ya uzi: hilo limefumwa kwa mashine, ni 5702. Akapindua la pili, zulia la manyoya marefu ya kijivu. Nyuma hakukuwa na ua lolote, ila kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi. Hapo nyuzi zimechomekwa kwa sindano kwenye kitambaa, kisha zikashikwa na gundi zising'oke. Hilo ni 5703. Kisha akanionesha robota jembamba jekundu lililosimama pembeni ya mlango, lile la kutandika kwenye mahema ya harusi na mahafali. Halina ufumaji wowote, ni nyuzi zilizoshindiliwa pamoja mpaka zikashikana. Hilo ni 5704. La kufungwa fundo moja moja kwa mkono, 5701, hakuwa nalo. "Hayo nayaona kwenye hoteli za watalii," alisema. Namba 5705 ni kapu la mengineyo.

Kisha akachomoa uzi kutoka zulia la maua, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha tone gumu jeusi. Angekuwa ameuchoma uzi wa sufu, tungesikia harufu ya nywele zilizoungua na ungebaki majivu ya kusagika. Kilichoyeyuka pale ni polipropileni, plastiki inayotokana na mafuta na gesi, na ndiyo iliyotandikwa katika sebule nyingi za watu wa kawaida Arusha na Moshi.

Rudi sasa kwenye ile sura ya 57. Zulia la fundo la hoteli, ambalo thamani yake inaweza kununua mazulia mengi ya dukani kwa mama, na lile robota jekundu la harusi, yote yanajumlishwa katika mstari mmoja wa dola. Hoteli tatu kubwa zikifanya ukarabati mwaka mmoja, mstari unaruka, na hakuna sebule ya Sakina wala ya Majengo iliyopata zulia jipya.

Kuna na la kushangaza zaidi. Nyasi bandia za viwanja vya mpira zimo humo humo. Kwa utengenezaji wake ni nyuzi za plastiki zilizochomekwa kwenye kitambaa, kwa hiyo zikawekwa 5703 pamoja na mazulia ya manyoya. Ni marekebisho ya 2022 ndiyo yaliyozipa vifungu vyake, 5703.21 na 5703.31, ili mtu aweze kuzitenganisha. Na kwetu bajeti ya 2021/22 ilisamehe nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyoko kwenye majiji kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Kwa hiyo anayelinganisha miaka ya kabla na baada bila kufungua vifungu anaweza kuhesabu uwanja wa mpira akadhani ni mazulia ya sebuleni.

Upande wa pili, kapeti la plastiki la kukata kwa mita, ambalo pengine ndilo linalofunika sakafu nyingi kuliko zulia lolote, halimo kabisa. Liko sura ya 39 pamoja na plastiki nyingine. Mkeka wa ukindu uko sura ya 46. Zulia la mtumba, kama yale yanayofunuliwa sokoni Memorial pale Moshi, nalo lina kioja chake. Nguo kuukuu, mablanketi na mapazia huhamia namba ya mitumba, 6309, lakini kanuni za sura ile zimeyaacha nje mazulia. Zulia hata likiwa limekanyagwa Ulaya miaka kumi linabaki sura ya 57. Likiingia kwa wingi linaongeza uzito wa mazulia yaliyoagizwa, huku dola zake zikiwa chache.

Sasa hesabu yenyewe. Hapa ndipo jibu la mama lilipo, na naomba msomaji anivumilie nipige hesabu taratibu.

Tuchukue zulia la mfano la mita 2 kwa 3. Tuseme kiwandani linauzwa dola 30, na nauli ya meli pamoja na bima, ukigawa kwa kila zulia ndani ya kontena, ni dola 6. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozi ushuru kwenye ile 30. Inatoza kwenye thamani ya mzigo ukiwa umefika bandarini, yaani pamoja na nauli na bima: dola 36. Tulitie kwenye daraja la ushuru la 25%, ni dola 9, tunafika 45. Juu ya 45 hiyo inakuja VAT ya 18%, dola 8.10. Jumla 53.10. Zipo tozo nyingine, kama ile ya reli iliyoanzishwa 2015, ila tuziache pembeni ili hesabu isijae.

Mwaka mwingine kiwanda hakijabadili bei hata senti moja, lakini nauli imetoka dola 6 ikawa 12. Thamani bandarini sasa ni 42, ushuru 10.50, VAT 9.45, jumla 61.95. Nauli iliongezeka dola 6, muuzaji akaongezewa mzigo wa dola 8.85, kwa sababu nauli nayo imetozwa ushuru, na ushuru nao ukatozwa VAT.

Geuza hizo dola ziwe shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na ushee. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Zulia la kwanza kwa 2,300 ni shilingi 122,130. La pili kwa 2,600 ni 161,070. Ni karibu theluthi moja zaidi, na ni zulia lile lile, kiwanda kile kile.

Angalia sasa takwimu zitasemaje. Thamani ya zulia hilo kwenye vitabu vya uagizaji imetoka shilingi 82,800 ikawa 109,200. Kama nchi iliagiza mazulia elfu moja mwaka wa kwanza na elfu moja mwaka wa pili, grafu ya shilingi itasema uagizaji umepanda kwa karibu 32%. Ukichora kwa dola, itasema umepanda karibu 17%. Ukichora kwa mita za mraba, mstari umelala. Na kama bei hiyo imewafukuza wateja, nchi ikaagiza mazulia mia tisa tu, grafu ya shilingi bado inapanda huku mama anauza machache. Swali lake lilikuwa sahihi, na waliomwambia hela inazidi nao hawakudanganya.

Mfano wangu wa nauli sikuutoa hewani. Zulia ni mzigo wa aina yake: linajaza kontena kabla halijalifanya zito. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo zipatazo 67, na mazulia yaliyoviringishwa yanaimaliza nafasi hiyo mapema. Nauli ya kontena ikipanda, anayeleta simu za mkononi haumii sana, maana anagawa kwa maelfu ya simu. Wa mazulia anagawa kwa marobota machache. Mwaka 2021, dunia ilipokuwa inatoka kwenye janga la korona, nauli kutoka Asia ziliruka mara kadhaa. Kisha mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, na nyingi zikaacha kupita Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwetu pigo hilo halikuwa sawa kwa kila nchi ya mazulia. Mzigo wa China unatufikia kupitia Bahari ya Hindi, hauhitaji Suez. Mzigo wa Uturuki, ambayo mji wake wa Gaziantep ndio kitovu cha mazulia ya mashine, na ule wa bandari za Misri za Bahari ya Kati, njia yake fupi kuja Dar es Salaam ni Suez hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona fungu la Uturuki linapungua katika miaka hiyo na la China linanenepa, usikimbilie kusema watu wamechoka mitindo ya Kituruki. Tazama kwanza ramani ya bahari.

Ushuru nao una historia yake, na sehemu kubwa imetokea hapa hapa Arusha. Mkataba wa kuianzisha upya Jumuiya ulisainiwa mjini hapa tarehe 30 Novemba 1999, na itifaki ya umoja wa forodha ikasainiwa hapa Machi 2004. Kuanzia 2005 nchi wanachama zikawa na ushuru mmoja kwa bidhaa za nje: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, 25% kwa zilizokamilika. Julai 2022 likaongezwa daraja la nne, 35%, kwa bidhaa ambazo Jumuiya inaona inaweza kuzitengeneza yenyewe, zikiwemo za nguo na samani. Zulia letu la dola 36 likipandishwa kutoka 25% kwenda 35% linamalizikia dola 57.35 badala ya 53.10. Mwagizaji asiyeangalia jedwali la mwaka husika kabla ya kulipa kiwanda anajitia hasara kwa mkono wake.

Lakini linalowachanganya watu wa Arusha kuliko lolote ni la Nairobi. Namanga ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, Holili ni jirani kabisa na Moshi, na kila mmoja wa mipaka hiyo miwili sasa una kituo kimoja cha pamoja cha nchi zote mbili. Ndugu yangu mmoja alikwenda Eastleigh, mtaa wa maduka huko Nairobi, akakuta mazulia mazuri ya Misri kwa bei ya chini kuliko Arusha. Muuzaji akamhakikishia: wewe ni wa Jumuiya, risiti ni ya Nairobi, mpakani hakuna ushuru. Alifika Namanga akatozwa ushuru kamili, na alirudi nyumbani anaamini ameonewa.

Hakuonewa, alipotoshwa. Kenya na Misri zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Zulia lililotengenezwa Misri linaingia Kenya bila ushuru likiwa na cheti chake cha uasilia, yaani cha kuthibitisha lilikotengenezwa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 ikabaki SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa hiyo zulia la Misri kwetu ni bidhaa ya nje kama la China. Msamaha wa Jumuiya unafuata mahali zulia lilipotengenezwa. Mahali liliponunuliwa hapahusiki. Zulia lililofumwa Kenya kwa kutimiza masharti ya uasilia linapita bila ushuru, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi kinachotolewa pale pale mpakani. La Misri lililopitia Kenya linalipa. Huenda Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika, ambao Tanzania na Misri zote zimo, ukaibadili hali hiyo, maana unaahidi kuondoa ushuru kwa awamu. Mpaka hapo, pengo la bei kati ya Eastleigh na Soko Kuu lina sababu inayoeleweka, na mtu aijue kabla hajapanda basi.

Pengo hilo linavuruga takwimu pia. Mazulia yanayovuka moja moja juu ya keria za basi, au kwa njia za panya, yamekwisha kuandikwa kama uagizaji wa Kenya ingawa yamelala kwenye sebule ya Ngarenaro. Yanayonunuliwa Dubai, kitabu kimoja kinaweza kuandika nchi iliyouza na kingine nchi iliyotengeneza. Ndiyo maana wachunguzi huweka vitabu viwili sambamba: kile cha nchi iliyouza na kile cha nchi iliyonunua. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa muuzaji anaandika bei kabla ya nauli na mnunuzi anaandika baada. Tofauti ikiwa kubwa, kuna mzigo umepita njia nyingine, umepewa namba nyingine, au ankara imeandikwa bei ya chini ili kukwepa ushuru.

Upande wa wateja nitasema machache, ingawa ndiyo mabadiliko ninayoyaona kwa macho. Zamani nyumba ya mtu mwenye uwezo ilitandikwa kapeti ukuta hadi ukuta, juu ya saruji. Siku hizi kuna viwanda vya vigae Mkuranga na Chalinze, na hata nyumba za kupanga zina vigae. Juu ya kigae mtu anataka zulia moja la katikati ya sebule, analoweza kulikunja na kulipeleka kufuliwa. Zulia la futi 5 kwa 8 likichukua nafasi ya kapeti la chumba kizima, mita za mraba zinapungua ingawa wenye mazulia wameongezeka. Kipimo hicho nacho kina mtego wake.

Kuna jambo moja linaloniuma kila nikisafiri. Zulia linalotoka bandarini kuja Arusha, liwe limeshukia Dar es Salaam au Tanga, linapita Korogwe na Mombo katikati ya mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, akapanda miche 62 iliyosalimika safari. Miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia, na 1964 uzalishaji ulifika tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikauangusha, aina ile ile ya uzi iliyoyeyuka mkononi mwa mama yule. Mkonge haujafa. Ulaya zulia la mkonge linauzwa ghali kama kitu cha kifahari na cha asili, na China, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa singa zetu, yaani nyuzi za mkonge, inazitumia pamoja na mengine kufumia mazulia. Tunauza singa kwa tani, tunanunua mazulia kwa mita za mraba. Na si kwamba Kaskazini hakujui kuvuta uzi: Moshi ilikuwa na kiwanda cha magunia, na Arusha mpaka leo kuna kiwanda kikubwa cha vyandarua kinachovuta nyuzi zake chenyewe. Kinachokosekana ni mashine ya kufuma zulia na soko la kuibeba, na soko lenyewe hatuwezi kulipima kwa grafu ya shilingi.

Nilimrudishia mama jibu Jumamosi moja jioni, akiwa anafunga. Nilimchorea ile hesabu ya dola 36 na dola 42 nyuma ya karatasi ya risiti. Aliisoma mara mbili, akaingia ndani akatoka na daftari lenye jalada la bluu. Humo ameandika kila robota tangu afungue duka: urefu, upana, limetoka wapi, limekaa siku ngapi kabla ya kuuzwa. Bei ya kununulia imeandikwa pembeni kwa penseli. "Bei inabadilika," alisema, "ndiyo maana sikuiandika kwa wino." Tukakaa kwenye marobota, taa ya duka jirani ikituangazia, tukaanza kujumlisha mita za mraba za mwezi wa sita, mwaka kwa mwaka.